Breki Zilichelewa

Lori la kwenye kompyuta lilipogonga ukingo wa daraja kwa mara ya kwanza, nilicheka. Lilipogonga tena palepale, nikaacha kucheka. Nikarudia, safari hii nikiwa nimekaza macho, na nilibonyeza breki mapema. Nina hakika nilibonyeza mapema. Lori likaendelea na safari yake kana kwamba halijaambiwa kitu, likagonga, ndipo matairi yakalia. Nikaweka kibodi mezani, nikaitazama mikono yangu.

Mimi ni dereva wa wageni. Nawachukua uwanja wa ndege, nawapeleka mbugani, nawarudisha wakiwa na vumbi na furaha, na kazi hiyo ndiyo iliyojenga nyumba yetu ya Kimandolu. Masika yakianza wageni hukatika, magari hupelekwa gereji, na sisi madereva hurudi nyumbani kuwa mizigo ya wake zetu. Wenzangu wanaojua jembe hulima. Mimi jembe halinipendi, na mapenzi hayalazimishwi. Kwa hiyo nilitafuta kompyuta ya mezani iliyokwishatumika kwenye ofisi za watu, nikaiunganisha na televisheni ya sebuleni, nikaweka gemu la kuendesha malori. Mke wangu alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Mwaka mzima unaendesha gari unalia mgongo," alisema, "ukipewa likizo unaendesha gari la kwenye TV."

Siku ile ya daraja, baba yangu, tunayeishi naye tangu augue, alikuwa amekaa kwenye kochi la dirishani, mikono kaificha chini ya blanketi, macho kayafumba. Nilidhani amelala, na nilishukuru sana kwamba amelala. Sikutaka aone lori likichelewa kusimama. Kati ya watu wote duniani, yeye ndiye sikutaka aone.

Baba naye alikuwa dereva, tena dereva hasa, wa malori ya mahindi na vitunguu, enzi ambazo dereva wa lori alikuwa mtu wa kupishwa njiani. Alikuwa mzee wa kanisa, hanywi, hakimbizi gari, hana hata kovu la ajali. Halafu siku moja, mchana kweupe, barabara kavu, aliingiza lori kwenye kibanda cha ndizi pale Kikatiti. Mwenye kibanda alikuwa ameingia dukani kutafuta chenji, ndiyo maana hakuna aliyekufa. Baba alishuka akasimama katikati ya zile ndizi akasema maneno mawili, na akayarudia kwa kila aliyemuuliza: breki zilichelewa.

Tajiri wake hakuwa mtu mbaya. Alimwamini, akalipeleka lori gereji, likalazwa juu ya shimo, mafundi wakafungua breki zote mpaka kitu cha mwisho. Zilikuwa nzima. Kila kitu kilikuwa kizima. Watu wakaanza kuulizana kwa sauti ya chini kama mzee siku hizi anapitia mahali kabla ya safari, na baba, ambaye harufu ya pombe tu humkera, akarudi nyumbani kwetu mlimani, akatundika funguo ukutani, akaanza kupogoa kahawa. Ni baadaye sana mkono wake wa kulia ulipoanza kucheza wenyewe, kikombe cha ushirika kikamwagikia shati mbele ya altare, tukampeleka hospitali. Daktari akatueleza ugonjwa wa kutetemeka. Akasema kwa wengine hauanzi kwa kutetemeka, unaanza kwa uzito. Kichwa kinatuma, mkono unachelewa kupokea.

Nilimuuliza daktari kama unarithiwa. Alisema mara nyingi haurithiwi. Mimi katika sentensi ile nilisikia "mara nyingi" tu, nikaondoka nayo.

Kwa hiyo lori la kwenye kompyuta lilipochelewa kusimama, sikuwaza kompyuta. Niliwaza Kikatiti. Niliwaza wageni wangu sita nyuma ya gari, mmoja kasimama na kamera, na mguu wangu uko njiani kuelekea breki, bado uko njiani.

Mtu akiogopa kitu kikubwa hushika kidogo kilicho karibu. Nilishika kompyuta. Nilijiambia hii ni mashine, ina ugonjwa wake, na mimi nitautafuta mpaka niupate. Na kusema kweli ugonjwa ulikuwepo, tena mmoja ulionekana hata kwa kipofu: picha ilikuwa inakwamakwama. Lori linakwenda vizuri, ghafla linaganda, barabara inasimama, halafu vyote vinaruka mbele kwa pamoja, na wewe umeshaingia mtaroni. Nilifurahi kuona vile. Nadhani ni mimi peke yangu Arusha nzima niliyefurahi gemu lake likikwama.

Nilimpigia fundi wa kompyuta, kijana mwenye kibanda chake mjini, anayeongea haraka mpaka unatamani umshike mkono.

"Bro, hiyo inalag," alisema. "Punguza grafiki. Zima vitu vyote vingine. Cheki kama umeiweka kwenye kubana umeme, iweke nguvu kamili."

Nikapunguza ubora wa picha mpaka miti ikawa kama mafagio. Nikafunga kila programu niliyoijua na nyingine nisizozijua. Nikaiweka nguvu kamili. Nikawasha ile namba ndogo ya pembeni inayoonyesha kompyuta inatoa picha ngapi kwa sekunde, nikaikodolea kuliko barabara. Inapanda, inatulia, halafu baada ya muda inaporomoka na lori linaganda. Nikampigia tena.

"Basi inapata joto. Imefunikwa na kitu?"

Niligeuka nikaitazama. Ilikuwa imekaa kwenye kabati chini ya televisheni, safi, imetulia.

"Haijafunikwa na kitu," nikasema.

Na sikuwa nadanganya. Juu yake kulikuwa na kitambaa cha kufuma, cheupe chenye maua ya rangi ya machungwa pembeni, kazi ya mke wangu. Kitambaa kama hicho kiko juu ya televisheni, juu ya friji, juu ya redio isiyoimba tangu tuhamie, na kwenye migongo ya makochi yote. Kwetu, kitu kisichofunikwa ni kitu kisichopendwa. Mgeni akiingia akakuta kompyuta uchi, atasema nyumba hii haina mama. Na kwa sababu bati la sebuleni huvuja kidogo masika, mke wangu alikuwa ameshona nailoni kwa chini ya kile kitambaa, kikaning'inia mbele na nyuma, kimeshika vizuri. Mimi mwenyewe nikimaliza kucheza nilikinyoosha. Lakini "kitu"? Kitambaa si kitu. Kitambaa ni kitambaa.

Nikaendelea kutafuta. Kuna kipengele kwenye gemu kinachozilazimisha picha zisubiri zamu ili zisikatike vipande, na fundi alisema kusubiri huko nako huleta uchelewaji. Nikakizima. Picha zikaanza kukatika katikati, daraja juu liko kushoto, chini liko kulia, na breki bado zinachelewa. Nikabadilisha waya wa kibodi kutoka tundu la mbele kwenda la nyuma. Nikafuta gemu, nikalipakua upya, kazi iliyokula bando kama ng'ombe aliyeachiwa kwenye mahindi. Kila nilipobadilisha kitu nilirudi darajani, nikabonyeza breki, nikagonga.

Katikati ya majaribio hayo, nikaanza kujijaribu na mimi. Nilifunga vifungo vya shati nikijipima nani anamaliza kwanza, mimi au mawazo yangu. Niliandika jina langu nikaangalia kama herufi zimepungua, kwa sababu za baba zilipungua mpaka zikawa kama sisimizi. Nikamwomba mke wangu ashike kijiko juu, akiachie bila kunitaarifu, mimi nikidake. Akashika, akaniangalia, akaniangalia, akakiachia. Nikakikosa. Kikaingia kwenye chai yangu.

"Sasa wewe bwana," alisema akifuta meza, "kama huna kazi, mtaro wa nyuma umeziba."

Nilicheka naye. Nilikwenda kuzibua mtaro, na huko nyuma, nikiwa na jembe lisilonipenda mkononi, machozi yalinitoka. Nilikuwa naogopa na sikuwa na wa kumwambia. Nikimwambia mke wangu, atakuwa na wagonjwa wawili nyumba moja. Nikimwambia bosi, ataniwekea mtu mwingine kwenye gari, na atakuwa na haki. Nikimwambia baba, hilo sikuweza hata kulifikiri mpaka mwisho.

Jumamosi moja jua lilichomoza kidogo, mke wangu akavua vitambaa vyote vya sebuleni akavifua. Kwa masika, kufua ni imani. Mvua ikarudi kabla havijakauka, vikabaki vimening'inia jikoni siku nyingi. Siku hizo zote nilicheza, na ile namba ya pembeni haikuporomoka hata mara moja. Lori halikuganda. Barabara ilitiririka. Nilidhani ni dawa mojawapo kati ya zile nilizoiwekea mashine, sijui ipi. Halafu vitambaa vikakauka, vikapigwa pasi, vikarudi mahali pake, na haukupita muda lori likaganda.

Nilinyanyua kile kitambaa na nailoni yake, nikaweka kiganja juu ya kompyuta. Nusura niungue. Feni ndani ilikuwa inapiga kelele za kuomba hewa.

"Umeiua kwa mapenzi," nilimwambia mke wangu.

"Kompyuta uchi sebuleni kwangu?" alisema. "Mchungaji akija je?"

Tulikubaliana iwe uchi, na mchungaji akija ivae. Hiyo ilikuwa siku nzuri, mpaka niliporudi kwenye gemu. Picha sasa ilikuwa laini kabisa, haikwami, haigandi. Nikaendesha mpaka darajani. Nikabonyeza breki. Lori likaenda, likagonga, likasimama.

Nilibaki nimeshika kibodi. Siku zote zile nilikuwa nimejificha nyuma ya kukwama. Sasa kukwama kumeondoka, kuchelewa kumebaki peke yake, wazi, na mimi nako tunatazamana. Mafundi wamefungua breki zote, zimekutwa nzima. Nilisikia kabisa sauti ya yule fundi wa gereji wa zamani akimwambia tajiri, mzee, hapa hakuna kosa.

Siku ileile bosi akapiga simu. Msimu unakaribia, alisema, gari langu limetoka gereji, nilichukue nilijaribu barabarani, wageni wa kwanza watakuwa familia yenye watoto. Nikasema sawa bosi. Ningesema nini?

Nililichukua nikaelekea njia ya Moshi. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, lami inang'aa. Niliendesha kwa mwendo wa harusi, malori yakinipita na kunipigia honi, mwenye basi dogo mmoja akatoa kichwa dirishani akaniuliza kama nimebeba mayai. Kabla ya kufika Usa River, bodaboda ikachomoka kwenye njia ya mashamba ya maua, mwanamke nyuma kapakata ndoo ya mboga, ikanikata mbele bila hata kutazama. Nikakanyaga. Gari likanesa, likasimama. Yule mwendesha bodaboda akanipungia mkono kana kwamba tumesalimiana, akaenda zake.

Nilisimama kwa wakati. Lakini sikujua nilisimama kwa sababu mguu wangu ni mzima, au kwa sababu nilikuwa nakwenda kama gari la maiti. Mkono wangu wa kulia ulikuwa unatetemeka juu ya usukani. Mtu yeyote hutetemeka akiponea chupuchupu, nilijua hivyo. Nilijua, na bado niliukalia ule mkono, nikaubana chini ya paja, hadi nilipokumbuka kwamba ndivyo baba anavyoificha mikono yake. Niliegesha pembeni ya uzio wa shamba la maua, nikaomba. Sikuomba vizuri. Nilisema tu, isiwe mimi, isiwe mimi, kama mtoto anayeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Niliporudi nyumbani niliamua. Kesho yake nitampigia bosi nimwambie atafute dereva mwingine. Sababu nitaitunga, mgongo au chochote. Kabla ya hapo nilitaka kulipitisha lori lile darajani mara moja ya mwisho, kujihakikishia. Mtu hung'ang'ania kugusa jino linalouma.

Mchana ule mke wangu alikuwa jikoni anachambua mchicha. Baba alikuwa kwenye kochi lake, macho kafumba. Nikawasha. Nikaendesha. Nikabonyeza, nikagonga.

"Rudia," baba alisema.

Nilishtuka nusura niangushe kibodi. "Shikamoo baba. Nilijua umelala."

"Marahaba. Rudia, lakini ufumbe macho."

"Niendeshe nimefumba macho?"

"Kwani utamuua nani humo?"

Nilifumba macho. Kibodi yangu ni kuukuu, vitufe vyake vinalia ta, ta, mke wangu hulalamika kwamba vinamfikia mpaka jikoni. Nilisubiri lori lishike kasi. "Funga breki," baba alisema. Nikabonyeza. Nikasikia ta. Halafu kukawa na kitambo, kidogo tu, cha kumeza mate, ndipo matairi yakalia kwenye televisheni.

"Umesikia?" aliuliza.

Niliitikia kwa kichwa, macho bado nimeyafumba.

"Tena."

Ta. Kitambo. Matairi.

"Kitufe kinalia kwanza," baba alisema. "Kikishalia, kidole kimemaliza kazi yake. Kinachofuata ni uzembe wa hiyo mashine. Wewe hujachelewa. Wewe umeshafika, umekaa, unaisubiri."

Nilifumbua macho. Alikuwa ananitazama, na niliona kwamba hakuwa mtu aliyetoka usingizini.

"Tangu mvua zianze natazama hivyo vidole vyako," alisema. "Nafumba macho nasikiliza, nafumbua kidogo natazama. Kila siku. Wewe unadhani mzee analala."

"Kwa nini, baba?"

Midomo yake ilisogea kabla ya maneno kuja, siku hizi maneno nayo humchelewa. "Nilikuwa naogopa nimekurithisha," alisema. "Shamba limekushinda, basi nikasema isije ikawa umechukua huu ugonjwa. Nilikuwa naomba, Mungu, asiwe huyu."

Sala yetu ilikuwa ileile, naye aliisali kochini, nami niliisali kando ya uzio wa maua. Nilitaka kumshika, lakini sisi si watu wa kukumbatiana ovyo, kwa hiyo nilimwekea blanketi vizuri magotini ingawa lilikuwa limekaa vizuri.

Nikampigia fundi. Nikamweleza kuhusu mlio wa kitufe, na kitambo, na matairi.

"Kaka, subiri," alisema. "Unatumia kioo gani?"

"Televisheni ya sebuleni."

"Televisheni! Ungesema toka mwanzo! TV inachukua picha, inaipamba kwanza, inaisafisha, inailainisha, ndiyo inakuonyesha. Kwa taarifa ya habari hata huoni. Kwa gemu ni msiba. Ingia kwenye mipangilio ya TV yenyewe, siyo ya kompyuta, kuna sehemu ya michezo ya kompyuta, iwashe."

Sikuwa nimewahi kuigusa mipangilio ya televisheni ile. Rimoti yake iko kwenye nailoni yake tangu siku ilipotoka dukani, na vitufe tunavyovijua ni sauti na kuwasha. Nilitafuta, nikapotea, nikaifanya picha iwe ya kijani, nikarudi. Nikaiona ile sehemu. Nikaiwasha. Rangi zikafifia kidogo, sura ya lori ikawa haina mapambo.

Nikaendesha. Nikabonyeza breki. Ta na matairi vikalia pamoja. Lori likasimama mbali kabisa na daraja, mbali mno, limeinamisha pua. Nikabonyeza tena na tena, mbele, nyuma, breki, taa, na kila nilichosema kikaitikiwa papo hapo. Nilipiga kelele hata mke wangu akaja na bakuli la mchicha mkononi, akaniuliza nani kafa. Nikamwambia hakuna aliyekufa. Nilimweleza yote palepale, kijiko, mtaro, Usa River. Alinisikiliza, akaweka bakuli chini, akanipiga kofi la begani, la nguvu, akasema, "Na mimi nilikuwa nani humu ndani?" Kisha akakaa kwenye mkono wa kochi, akalia kidogo.

Hapo ndipo baba alipotoa mkono wa kulia chini ya blanketi.

"Nipe na mimi," alisema.

Tangu Kikatiti hakuwahi kushika chombo chochote, hata toroli. Nilimwekea kibodi magotini, nikamwonyesha kitufe cha gesi, vya kukata kona, na cha breki. Mkono ulicheza juu ya vitufe, kisha ukapata mahali ukatulia. Lori likaondoka. Kwenye barabara iliyonyooka alikwenda vizuri, kifua kimenyooka, na alianza kuimba puani wimbo wa kanisani, alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo nikisafiri naye katikati ya magunia. Mke wangu alitabasamu. Mimi pia, kwa muda.

Halafu daraja likaonekana. Sasa mimi ndiye niliyekuwa natazama vidole. Niliona macho yake yakiliona daraja, yakafunguka. Aliacha kuimba. Alijua. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha breki, kinakigusa, na hakikushuka. Niliona kabisa anakiamrisha. Kilibaki pale kimemgomea.

Lori likagonga. Ndipo nikasikia ta.

Mvua ilipiga juu ya bati. Baba alikuwa amenionyesha muda mfupi uliopita kwamba masikio yake yanajua kipi kimelia kwanza. Alitazama kioo. Alitazama kidole chake.

"Bado inachelewa," alisema.

Mke wangu alinitazama, haraka, kisha akainama kuokota mchicha ambao haukuwa umeanguka.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Bado inachelewa. Hizi televisheni za siku hizi."

Sikumpigia bosi. Msimu ulianza, niliwabeba wale watoto na wazazi wao, wakaona tembo, wakarudi salama. Hofu yangu haikuisha, ilijifunza tu kukaa nyuma. Nikikanyaga breki njiani husikiliza, na mara nyingi nasikia nimewahi, na hiyo "mara nyingi" ninayo mimi, hainitoki.

Nikiwa nyumbani, baba huomba lori lake. Kabla hajashika kibodi, mimi nachukua rimoti kwenye nailoni yake, naingia kwenye mipangilio, nazima ile sehemu ya michezo ili televisheni irudi kwenye mapambo na uchelewaji wake. Siku ya kwanza mke wangu aliniona akaniuliza kwa nini naharibu kitu tulichohangaika kukitengeneza. Nikamwambia mafundi wa lori la Kikatiti walifungua breki zote wakitafuta kosa, wakalikosa, watu wakamtazama baba.

Kwa hiyo baba anabonyeza, lori linagonga daraja, na yeye anaigombeza televisheni kwa sauti yake ya zamani ya barabarani. Mimi nakaa pembeni naitikia, ni kweli baba, inachelewa. Na fundi yeyote akitaka aje aifungue, safari hii atalikuta kosa.